Dada wa Kazi Asiye na Kosa

Wako wanaojidai kuyajua majini kwa sababu wamesikia ya Tanga na ya Pemba, yale ya kanzu nyeupe na marashi. Waacheni na marashi yao. Jini la Kigoma linafua, linasugua masufuria, na asubuhi linakuamkia shikamoo. Anayebisha apande Buzebazeba aulize nyumba ya Evaline. Bodaboda wote wanaijua, ila abiria wanamshushia barabarani.

Evaline alitoka Njombe, kapangiwa ofisi ya ardhi. Mumewe, Benedict, alikuwa kwenye ujenzi wa barabara huko Kibondo, anashuka mwisho wa mwezi na vumbi lake. Mtoto wao Dainess alikuwa na miaka minne na mdomo wa watu watano. Bila dada wa kumwangalia, Evaline asingetoka nyumbani, na kazi aliyoihangaikia miaka ingemponyoka huku anaitazama.

Jirani yake Mama Yunisi, muuza mawese, akamtafutia binti kijijini Simbo. "Anaitwa Rozalia. Nitakuletea kwa mkono wangu," akasema. Kabla hajamleta, akapata msiba Kasulu, akaondoka. Binti akabisha hodi peke yake, bila mfuko, bila simu, kandambili zimelowa na wakati wenyewe ni kiangazi.

"Wewe ndiye Rozalia?" Evaline aliuliza.

"Ndiye, mama. Shikamoo."

Basi, akaajiriwa. Evaline mwenyewe alimshika Dainess mkono akamkabidhi.

Kitu cha kwanza kilikuwa maji. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka, watu wanasukuma madumu kwa baiskeli, lakini pipa la Evaline lilikuwa likijaa mpaka mdomoni kila asubuhi, na hakuna jirani aliyewahi kumwona Rozalia na ndoo kichwani. Maji yenyewe yalinuka majani ya ziwani. Siku moja Evaline alikuta dagaa mzima, hai, anazunguka kwenye kikombe chake cha mswaki. Akamwaga, akacheka, akaenda kazini. Kusema kitu hakusema. Hata ugali ukiwa mbichi aliula na kuusifia, maana ndivyo walivyomlea kwao: mtoto wa mwenzio humtoi makosa.

Mwisho wa wiki alitaka mtoto aujue mji. Akauliza ofisini pa kumpeleka, wakamtajia stesheni akaone treni, bembea za bustani ya hoteli, na makumbusho ya Ujiji. Stesheni Rozalia alikaa kivulini akihema kama samaki kwenye kapu. Kwenye bembea hakupanda. Lakini walipofika Ujiji alichangamka, akavua kandambili, akachora mstari vumbini kwa kidole cha mguu.

"Maji yalikuwa yanafika hapa, mama. Hapa mlangoni kwetu. Pale mama alikuwa anaanika."

Mwongoza wageni wa makumbusho alicheka, kisha kicheko kikamkwama. Maji yalishaondoka pale tangu enzi za babu wa babu yake.

"Rozalia, hivi una miaka mingapi?" Evaline aliuliza taratibu.

"Kumi na minane, mama."

"Muongo!" Dainess akadakia. "Kaniambia miaka yake ni mingi, hawezi kuihesabu yote!"

Evaline alianza kuogopa hapo, ila woga wenyewe aliufunika kwa shughuli, kama tunavyofanya wote. Ulifunuka Alhamisi mchana, jua la utosini, aliporudi kufuata miwani aliyoisahau, akaikuta nyumba imenyamaza, redio imezimwa, sakafu imelowa kutoka mlangoni mpaka uani, na kile kinuko cha majani ya ziwani kimejaa hadi kwenye mapazia, na alipochungulia uani akamwona mwanawe amepiga magoti mbele ya beseni, uso wote ndani ya maji, nywele zinaelea, hatikisiki, na Rozalia amechuchumaa pembeni anamwimbia polepole kwa Kiha cha zamani ambacho hata Waha wenyewe wangekiulizia, na Evaline akaruka, akamvuta mtoto kwa mabega huku analia, na mtoto akainuka macho wazi, hakohoi, hahemi, kamkasirikia mama yake.

"Umeniharibia, mama! Dada anasema bado kidogo tu, nitaweza kulala kule kwao."

Rozalia aliinuka kwa adabu zake zote. "Nikupakulie chakula, mama?"

Jioni Mama Yunisi akarudi msibani. Alisimama getini, akamwangalia binti anayefagia, akamvuta Evaline nyuma ya nyumba.

"Yule nani?"

"Si Rozalia wako?"

"Wewe! Rozalia wangu yuko Simbo ana malaria, nimempitia leo hii nikampelekea machungwa." Sauti ikazidi kushuka. "Usimwangalie. Ongea kama tunaongelea mawese. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko naye. Kila nikimwondoa anamkimbilia."

"Mlete alale kwangu. Kesho twende Ujiji, kwa Mzee Hamdani."

Mzee Hamdani ni fundi cherehani, na majini anayatoa hapo hapo kati ya suruali na suruali. Aliwasikiliza mpaka mwisho, pini mdomoni. Evaline akaulizia ubani, kombe la kunywa, kuku mweusi. Mzee akatema pini.

"Ubani wa nini? Kwani kampanda mtu kichwani? Huyu kaajiriwa, mama. Umempokea mwenyewe, umempa mtoto mwenyewe. Aliyeajiriwa anaachishwa. Mpeleke ziwani, Kibirizi, watatokea kumpokea. Mkabidhi kwa wakubwa zake, na utaje kosa lake. Umenisikia? Kosa. Hao ni watu wa haki kuliko sisi. Ukilitaja, hamguzi tena mwanao. Usipolitaja, hujamwachisha."

"Kosa lake si anataka kunizamishia mtoto!"

"Hilo hilo. Kaliseme kwa sauti."

Jumamosi asubuhi Dainess alibaki na Mama Yunisi. Rozalia aliambiwa anarudishwa kwao, akavaa kandambili zake, akatangulia. Walipita vichanja vya dagaa na wanawake wanaogeuza, wakapita maboti, mpaka kwenye mawe. Pale alikuwepo mama mmoja anasugua sufuria kwa mchanga, maji yamemfika magotini na khanga yake kavu mpaka chini. Nyuma yake, pale penye kina, kulikuwa na vichwa vya watu wamesimama, wengi, na hapo kina ni cha kuzamisha nguzo ya umeme.

"Mwakeye, mwanangu," yule mama alisalimia. "Umemrudisha. Amekukosea nini?"

Evaline akafungua mdomo. Neno alikuwa nalo, kalirudia njia nzima. Lakini yule mama alikuwa amesimamisha sufuria, anamwangalia kwa yale macho ambayo kila mzazi anayo akingoja aambiwe mwanawe ni mbaya, na Rozalia pembeni kainamisha kichwa, na malezi yote ya Njombe, ya bibi na ya shangazi na ya masista wa shule, yakampanda Evaline kooni yakalisukuma lile neno likarudi tumboni, na mdomo ukasema wenyewe:

"Hapana, mama, hajanikosea kitu. Binti yako ana adabu sana. Ni kazi tu, zimepungua nyumbani."

"Hajakosa," yule mama akasema, akageukia nyuma.

"Hajakosa," vichwa vikaitikia, kimoja baada ya kingine, mpaka sauti ikapotelea upande wa Kongo.

"Mama, subiri, nilitaka kusema..."

"Umeshasema, mwanangu, na nimeshukuru. Kama kazi zimepungua, huyu mkubwa abaki. Nitakupa mdogo wake."

"Usisumbuke, mama, tafadhali!"

"Wala si usumbufu. Ameshatangulia."

Evaline alipofika Buzebazeba bila viatu, Mama Yunisi alikuwa amejibanza ukutani, ananyoosha kidole uani kwake. Uani palikuwa na kitoto cha kike, kimo cha Dainess, kinamsuka Dainess nywele. Kiliinuka, kikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Evaline akampigia Mzee Hamdani. Cherehani ikasikika upande wa pili, ikanyamaza.

"Huyo mpya amekosa nini?"

"Bado, mzee. Ndiyo kwanza kaja."

Cherehani ikaanza tena.

"Basi mpaka akosee, mama."

Ofisi ya ardhi wameshampata mtu mwingine. Ukipita pale kwa Evaline, saa yoyote, utawakuta barazani wamekaa watatu, Dainess katikati. Mkono wake wa kulia kaushika mama yake, haachii hata kula. Na wa kushoto nao umeshikwa, taratibu, kwa adabu kabisa.