Tundu Kwenye Mninga

Nakutegea, nawe usikimbilie kunipa mji: ni mgeni gani huingia kwa mlango mdogo, akatokea mlango mkubwa, na nyumba ikabaki tupu? Fikiri kwanza. Ukisema upepo, umekosa. Ukisema mwizi, umekaribia.

Ni risasi.

Na mlango mdogo ulikuwa kifuani kwa Felisiani Manirambona, mrina asali wa kijiji cha Nyakasenyi, wilayani Kibondo. Walimkuta Ijumaa asubuhi, chali chini ya mizinga yake, shati lake jeupe la kurinia limelowa. Nyuki walikuwa wanaendelea na kazi zao juu yake kama hakuna lililotokea.

Inspekta Dorcas Ndayikunda alichuchumaa pembeni ya maiti. Hakugusa kitu. Alitazama tu, kama mama anavyotazama mtoto aliyerudi na jeraha bila maelezo.

"Afande, usijisumbue," alisema kamanda wa mgambo. "Muuaji tumeshakupatia. Ni Reverien. Tumemkamata na gobore, hata nusu kilomita haifiki kutoka hapa. Wewe andika tu."

"Mimi siandiki ninachosomewa."

"Wale waliovuka Malagarasi kutoka Burundi ndivyo walivyo. Wamezoea bunduki."

"Baba yangu alivuka mto huohuo," Dorcas alisema bila kuinua kichwa. "Endelea."

Kamanda alirudi nyuma hatua moja.

Aliyeendelea ni mwanamume mmoja mrefu, nguo za kaki zimepigwa pasi hata porini. Huyo ni Fidele, katibu wa kikundi cha wawindaji wenye leseni. Ndiye aliyewaonyesha mgambo njia ya kwenda kwa Reverien.

"Hilo ni jeraha la gobore, mama. Mimi nawinda mwaka wa ishirini huu. Angalia chini, hakuna ganda la risasi hata moja. Gobore haliachi ganda."

"Asante, bwana katibu."

"Nasaidia tu."

Dorcas aliinuka. Hatua sita nyuma ya maiti ulisimama mti wa mninga, na shina lake lilikuwa na doa jekundu. Damu, aliwaza, akaamuru lipigwe picha. Hapo alikosea, lakini usimcheke, hata mimi ningekosea.

*

Mahabusu ya Kibondo ilikuwa na Reverien peke yake siku ile. Mtu wa miaka thelathini na kitu, mikono ya jembe.

"Gobore ni lako?"

"Langu."

"Unajua ni kosa kulimiliki?"

"Najua. Nguruwe pori wanamaliza mihogo yangu. Wao wanajua ni kosa?"

"Unashindilia nini?"

"Baruti, kitambaa, na vipande vya nondo."

"Ulimpiga Felisiani?"

"Afande, Felisiani ndiye aliyenipa mzinga wangu wa kwanza. Nimpige kwa lipi?"

Nje, mkewe Ange alikuwa ameketi kwenye kidato cha mlango wa kituo tangu saa nne, kanga kaikaza kiunoni. Askari wa zamu alikuwa amechoka kumfukuza.

"Nenda nyumbani, mama."

"Nyumbani wapi? Mlipomweka mume wangu ndipo nyumbani. Nileteeni maji ya kunywa."

Walimletea.

Mkuu wa upelelezi alimwita Dorcas ofisini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye simu nyingi.

"Kijiji kizima kinasema ni Reverien."

"Kijiji kizima hakikuwepo, afande."

"Jumatatu nampeleka mahakamani kwa mauaji. Unajua maana yake."

"Najua. Atakaa rumande mpaka watoto wake wamsahau. Leo ni Ijumaa. Niachie hizo siku."

"Na ukikosa?"

"Nikikosa, mimi mwenyewe nitampandisha kwenye gari. Ila sijakosa bado."

*

Jioni daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti alikuwa na maneno machache. Felisiani alikufa Alhamisi jioni. Tundu la kuingilia, dogo, hata kidole cha shahada hakipiti. La kutokea mgongoni, kama ngumi. Hakuna masizi ya baruti kwenye shati. Hakuna kipande cha nondo mwilini, hata kimoja.

"Gobore lingemtawanya," daktari alisema. "Hiki kilikwenda mwendo wa moja kwa moja, kikafumuka ndani, kikatoka."

Kikatoka, kikaenda wapi?

Jumamosi alfajiri Dorcas alirudi kwenye mninga. Doa jekundu lilikuwa palepale, limekauka kama gundi. Alilikwangua kwa ukucha. Damu iliyokaa siku nzima haing'ang'anii hivi. Huu ulikuwa utomvu, maana mninga ukichanjwa hutoka wekundu kama mtu. Na katikati ya ule utomvu, usawa wa kifua cha mtu mzima, palikuwa na tundu lililochongwa kwa kisu kuzunguka, taratibu, kama anayetoa funza mguuni.

Mtu alikuwa ameichokoa risasi. Lakini risasi ilikuwa imepasuka, na kisu hakikufika mwisho. Dorcas aliingiza koleo jembamba, akavuta kipande cha shaba, ukubwa wa kitako cha risasi, kingo zake zimejikunja kama ua.

Alirudi kituoni na kuketi kidatoni, pembeni ya Ange.

"Mwakeye, mama," alimsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye. Umeniletea mume wangu?"

"Nimekuletea swali. Huku kwenu, nani huchokoa risasi ikishapiga?"

Ange alimtazama kama mtu aliyeulizwa ugali hupikwa kwa kitu gani.

"Si kina Fidele. Kikundi chao hawaachi risasi kwenye nyama. Walishawahi kugombana, huyu anasema mnyama wangu, yule wangu. Siku hizi wanaichokoa kwa kisu, wanaionyesha mbele ya wote, na mwenye nayo ndiye anayekula maini. Wanazitunza nyumbani kwenye makopo. Fidele hata haulizwi. Mnyama akianguka, mkono wake unakwenda kwenye kisu wenyewe."

"Na wenye gobore?"

"Nani achokoe nondo, afande? Nondo ina jina la mtu?"

*

Dorcas na dereva wake walifika Kasulu kabla ya adhuhuri. Mzee Mansuri alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli upande wa sokoni, na nyuma yake chumba chenye leseni ukutani: fundi wa bunduki. Babu yake alitoka Pangani na misumeno miwili, na lafudhi ilikuwa haijaondoka nyumbani kwao.

Alikipima kile kipande kwa kipimo chake cha chuma, mara mbili.

"Milimita saba nukta nane, mwanangu. Na hii imefumuka. Risasi ya jeshi haifumuki hivi, inapita tu. Hii ni ya kuwindia, ncha laini."

"Ya bunduki gani?"

"Kwa upana huu zipo mbili tatu. Lakini huko kwenu, niijuayo mimi ni moja. Thelathini-sifuri-sita."

"Una hakika?"

"Nina hakika kwa sababu mwenye nayo nilimchagulia mwenyewe." Mzee alivua miwani. "Alikuja anataka ile kubwa, mia tatu sabini na tano. Nikamuuliza, bwana, unawinda nyati? Akasema hapana, tohe, pongo, na kuro nikibahatika. Nikamwambia, ile kubwa itakuharibia nyama, na bega lako litakulaani. Akashika ndogo, mia mbili arobaini na tatu. Nikamwambia, hiyo ni nzuri kwa kinyama kidogo kama nsya, lakini kuro atakimbia nayo mpaka ng'ambo ya pori, nawe utamfuata ukilia. Mtu wa bunduki moja achague ya katikati. Hii ina miaka zaidi ya mia na bado hawajapata ya kuishinda kwa wanyama wa kadiri. Ukiweka nyepesi, unamchukua nsya bila kumchana. Ukiweka nzito, hata pofu, mnyama mzito kuliko ng'ombe, anapiga magoti."

"Yeye aliweka ipi?"

"Nzito, greni mia na themanini. Alisema hataki mnyama asimame mara mbili."

"Mzee, ni nani?"

"Unamjua tayari, ndiyo maana uso wako uko hivyo. Fidele. Wenzake kikundini wana shotigani, na risasi zake ni nene kuliko hii." Alikirudisha kile kipande polepole. "Nilimchagulia ya wanyama, mwanangu. Hilo uliandike."

"Nitaliandika."

*

Jumapili mchana Fidele aliletwa moja kwa moja kutoka kanisani, suti ya kijivu, biblia mkononi. Mezani palikuwa na bunduki yake, kisu chake kikiwa kwenye ala ya ngozi, vyote vimechukuliwa nyumbani kwake asubuhi, na kipande cha shaba ndani ya bahasha.

"Si lazima useme neno," Dorcas alimwonya. "Ukisema, litaandikwa na litatumika mahakamani."

"Sina la kuficha."

"Alhamisi jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Ala ya kisu ina nini hiki chekundu?"

"Damu ya mbuzi."

"Nami nilidhani damu. Damu ukiiloweka hutoka. Hiki hakitoki. Ni utomvu wa mninga. Ulichinja mti?"

Fidele alitabasamu. "Porini miti ni mingi, mama."

"Wenye risasi ndani ni mmoja. Bunduki hii inakwenda maabara Dar es Salaam pamoja na kipande hiki. Mistari ya mtutu itasema. Lakini uliokota ganda, bwana katibu, ukatuonyesha kwa kidole kwamba halipo. Ungeishia hapo, Reverien angefungwa. Ila wewe ni mwindaji, ukaichokoa hata risasi hii kwa kisu. Ulitaka kumwonyesha nani?"

Biblia ilishuka mezani.

"Mkono ulikwenda wenyewe," Fidele alisema. "Nilipozinduka, risasi ilikuwa kiganjani."

"Umempiga wewe?"

"Ilikuwa bahati mbaya. Nilidhani ni tohe."

"Kifua cha tohe kiko hapa." Dorcas alisimama, akajigusa nyongani. Kisha akapandisha mkono mpaka moyoni. "Tundu la mti liko hapa. Nakuuliza mara moja. Ulimwona kuwa ni mtu kabla hujafyatua?"

Fidele aliitazama biblia yake. Mkuu wa upelelezi, aliyekuwa ameegemea mlango, alizima simu yake.

"Haya, swali linakusubiri," Dorcas alisema. " Tuanze upande mwingine. Porini ulifuata nini, na msimu umefungwa?"

"Kuro," alisema hatimaye. "Jike. Nilimwangusha karibu na mizinga. Alikuwa na mimba. Felisiani akatokea akatuona, mimi na yule jike. Akasema Jumanne kwenye mkutano wa kijiji atasimama."

"Wangekufanya nini?"

"Wangechukua kibali. Wangechukua bunduki." Sauti yake ilipanda, na ndani yake hapakuwa na majuto bado, ila hasira ya mtu aliyenyang'anywa. "Nyote mnaniita bwana katibu. Mgeni akija kijijini analetwa kwangu. Bila hiyo bunduki mimi ni nani Nyakasenyi? Mlima mihogo kama Reverien."

"Ndiyo maana ukawapeleka kwake."

"Yeye alikuwa na gobore. Nani angemtetea?"

"Mkewe," Dorcas alisema. "Ana siku ya tatu mlangoni. Umempita ukiingia."

Aligeuka kwa mkuu wake. Mkuu alitikisa kichwa kukubali, akamwambia askari wa zamu amtoe Reverien kwa dhamana, kesi ibaki ya gobore peke yake. Koridoni lilisikika kufuli, kisha sauti ya Ange ikimgombeza mumewe kwa Kiha kwa kukonda siku tatu tu.

Fidele alisikiliza mpaka zile sauti zikatoka nje ya geti. Dorcas hakumhimiza. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, na nafasi chini ya lile swali ilikuwa bado nyeupe.

"Nilimwona," Fidele alisema. "Nilimwambia ageuke, ashike njia, asahau. Hakugeuka. Alivua kofia yake ya wavu ili nimwone uso vizuri, akaniambia, Jumanne nitasema mbele ya watu wote, Fidele, piga kama unapiga."