Mkia wa Fivla

Enzi zile, asubuhi za kiangazi, uji wa shayiri haujapoa, sisi watoto wa kisiwa cha Fetlar tulishapanda kilimani na farasi kuleta udongo mweusi tuliouchoma kama kuni. Jamani, farasi wetu! Walinifika kifuani tu, lakini ukiwatwika vikapu viwili vilivyojaa walishuka mteremko bila kujikwaa. Nawakumbuka mpaka leo.

Wageni waliwacheka. Mzee Lowrie, mwenye farasi aitwaye Fivla, aliwajibu, "Chekeni tu! Hawa walikuwepo kabla ya babu wa babu yangu. Upepo na majani haba ndivyo vilivyowafupisha. Wangekuwa warefu, wangepeperushwa baharini!"

Mwaka ule binamu yangu Osla aliupoteza mshipi wa baba yake wa kuvulia. Mishipi yetu ilisokotwa kwa singa za mkia wa farasi, na baba yake alikuwa karibu kurudi. Kwa hofu, usiku Osla akachukua mkasi, akaukata mkia wa Fivla ili asokote mwingine. Kwetu, kukata mkia wa farasi wa mwenzio ni wizi, tena wizi wa aibu.

Kulipokucha, Mzee Lowrie alimvaa Tammie, mtoto wa jirani.

"Wewe! Jana ulikuwa unasokota mshipi. Singa umezitoa wapi?"

"Za farasi wetu, babu! Haki ya Mungu!"

"Nyamaza! Usimguse tena Fivla wangu."

Maskini Tammie! Kumwongoza Fivla ndiyo ilikuwa furaha yake. Wenzetu wakamzomea, "Mkasi! Mkasi!" Osla akainamisha kichwa.

Jioni mvua ya upepo ikashuka. Farasi wakaupa upepo mgongo kama kawaida yao, mikia yao minene ikiwakinga. Fivla peke yake alitetemeka, maji yakimchuruzika mapajani. Nyuma yake alisimama Tammie, amelowa chapachapa, ametandaza gunia kumkinga.

"Nilikwambia nini?" Mzee Lowrie alifoka.

"Simgusi, babu! Nimeshika gunia tu!"

Osla, aliyesimama nami kando, akaangua kilio. "Ni mimi, babu! Mimi ndiye niliyemkata mkia. Tammie hana kosa."

Mzee Lowrie alivua kofia yake mvuani. "Nisamehe, Tammie. Nimekuonea, mwanangu." Kisha akamgeukia Osla. "Ungeniomba singa, ningekunyima? Haya, shika gunia. Ni lako mpaka mkia uote."

Majira yote ya baridi, kila mvua iliponyesha, Osla alisimama nyuma ya Fivla. Upande wa pili wa gunia alishika Tammie, ingawa hakuna aliyemtuma.

Mkia ulipoanza kurefuka, Mzee Lowrie aliwatazama wawili hao, akatabasamu.

"Unaona, Osla? Mkia wa farasi huota wenyewe. Lakini jina la mtu ukilikata, haliwi zima mpaka wewe uliyelikata useme kweli."