Vifungo vya Babu Kasmir

Jovitha alikuwa anafunga kamba za raba, tayari kwenda kwenye mazoezi ya netiboli, mara hodi ikapigwa. Mlangoni alisimama mwanamke asiyemjua, mwenye ushungi wa bluu na kitambulisho cha hospitali shingoni. Jovitha alimwamkia, akamkaribisha ndani.

"Naitwa Zulekha, nawafanyisha mazoezi wagonjwa wa kiharusi," alisema mgeni. "Nimekuja kumwona Mzee Kasmir. Na daftari lake."

Jovitha alimwita babu yake, akalileta daftari bila kumtazama mgeni usoni.

Babu yake alikuwa fundi cherehani wa Mtaa wa Msimbazi mpaka kiharusi kilipoupooza mkono wake wa kulia. Kwa wiki tatu sasa alikuwa akienda hospitali, ambako mashine iliwekwa juu ya kichwa chake, ikatuma mapigo ya sumaku kuuamsha ubongo, bila kupasua wala kuchoma sindano. Akirudi tu, ubongo ukiwa bado umeamka, alitakiwa afunge vifungo vya shati kwa mkono ule ule mgonjwa, mara ishirini. Jovitha ndiye aliyepewa kazi ya kuhesabu na kuweka tiki daftarini.

Tiki zilikuwepo zote. Mazoezi hayakuwepo. Babu alikuwa akitokwa jasho kwa kifungo kimoja. Mjukuu akamwonea huruma, akavifunga mwenyewe chapuchapu, kisha akakimbilia uwanjani.

Zulekha alipekua kurasa, akaupima mkono, akakunja uso. "Mzee, hapa hujakosa hata siku moja, lakini vidole havijasogea. Kesho madaktari wanakaa kikao. Wakiona hivi watasema tiba hii haikufai, wataisimamisha."

Babu aliinamisha kichwa. Jovitha alielewa kwamba anamfichia siri.

"Dada, babu hana kosa. Tiki zile ni za uongo. Vifungo nilikuwa nafunga mimi."

Zulekha alilifunga daftari taratibu. "Mashine inauamsha ubongo tu, mdogo wangu. Mazoezi ndiyo yanayoufundisha. Huruma yako ilimnyima babu mazoezi, na uongo ulikaribia kumnyima tiba. Ila umesema kweli mapema. Nitawaomba madaktari wiki mbili zaidi."

Jovitha aliahidi kwamba kila babu akirudi kutoka hospitali, yeye atakuwepo nyumbani kumhesabia.

Madaktari walikubali. Siku ya fainali ya netiboli pale Mnazi Mmoja, babu alirudi kutoka hospitali saa kumi kasorobo, na nyuma yake akaingia Stella, kapteni wa timu.

"Wee Jovi, yaani vifungo na fainali, unachagua vifungo? Tukifungwa, ni juu yako."

Babu naye akamwambia aende, watafanya jioni. Jovitha alitazama raba zake kando ya mlango, akamkabidhi Stella jezi yake.

Kisha aliketi mbele ya babu, akaikalia mikono yake mwenyewe isije ikamsaidia. Kidole gumba cha babu kilitetemeka, kikateleza, kikarudi. Dakika zilipita. Hatimaye kifungo kilijipinda, kikaingia tunduni.

"Kimoja, babu," alisema Jovitha, akachukua daftari. "Bado kumi na tisa."