Bandua Ukiweza

Kila Jumamosi, akishateka maji na kufagia ngazi, Biasha alipiga pasi nguo za skuli, zake na za wadogo zake. Walikaa mtaa wa Malindi, kwenye chumba cha juu cha nyumba kongwe karibu na bandari, na pasi yao ilikuwa ya mkaa, nzito kama jiwe. Biasha alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliipepea pasi dirishani mpaka makaa yakawa mekundu, kisha akaanza kazi.

Jumamosi moja ya mwaka 1971, koti la mvua la baba yake lilianguka kutoka kwenye msumari ukutani. Lilikuwa koti jeusi la plastiki nyembamba, limechakaa na kuchanika mgongoni. Pindo lake liliangukia juu ya kanga ya mama iliyotandikwa kupigia pasi, na Biasha, aliyekuwa akizungumza na mdogo wake, akalipitishia pasi. Harufu kali ikajaa chumba kizima.

"Ee, mtoto wewe!" mama yake, Bi Mwanamkasi, alipiga kelele. "Ushaniunguzia kanga!"

Kanga haikuungua. Lakini kipande cha plastiki kilikuwa kimegandana nayo. Bi Mwanamkasi aliifua kwa sabuni, akaisugua kwa jiwe, akaichemsha. Kile kipande cheusi kilibaki palepale. Biasha alipigwa marufuku kuongea na mtu wakati wa kupiga pasi, na mambo yakaishia hapo.

Jumatatu iliyofuata, Mwalimu Usi, mwalimu wa michezo, aliwaita wasichana wanne waliokuwa wakijifunza mbio za kupokezana vijiti. Biasha alikuwa mkimbiaji wa mwisho, na rafiki yake Time ndiye aliyeanza. Walikuwa wamefanya mazoezi tangu mvua za vuli, wakijua kwamba siku ya mashindano ya skuli watakimbia katika uwanja mpya wa Amani.

"Nina habari si nzuri," alisema Mwalimu Usi. "Mwaka huu kila mkimbiaji lazima awe na namba kwenye fulana yake. Karatasi za kubana kwa pini hazikubaliwi tena, maana mwaka jana zilianguka ovyo na waamuzi wakachanganyikiwa. Kitambaa cha namba nilichopata kimetosha fulana za wavulana tu. Nanyi mnajua kitambaa kilivyo shida siku hizi."

"Na sisi, mwalimu?" aliuliza Time.

"Nyinyi mtatazama. Mwakani mtakimbia."

Wenzake wakainamisha vichwa. Biasha hakuinamisha.

"Mimi sitatazama, mwalimu," alisema.

"Unasema nini?"

"Nasema sitatazama. Nitakimbia. Fulana tunazo, zimekosa namba tu. Namba tutazitia wenyewe."

"Kwa kitu gani? Kwa mate?"

Wavulana waliokuwa karibu wakacheka. Biasha aliona uso ukimwaka moto, lakini hakuondoa macho yake kwa mwalimu.

"Hilo niachie mimi, mwalimu."

Mwalimu Usi alikunja uso. Hakuzoea kujibiwa hivyo. "Haya," alisema mwishowe. "Siku ya mashindano niletee namba zisizoanguka. Kama huna, mtakaa jukwaani kimya, na wewe utakaa kando yangu."

Walijaribu kwanza kushona vitambaa vya viraka, lakini fulana ni nguo ya kuvutika; ilijikunja pale iliposhonwa, na namba ikawa kama jani lililokauka. Hapo ndipo Biasha alipoikumbuka ile kanga. Jioni alimfuata baba yake, Mzee Jecha, aliyekuwa ametoka kazini bandarini.

"Baba, nnaomba lile koti lako bovu."

"La nini? Linavuja hilo."

"Nnataka kulikata."

Mzee Jecha alimtazama, akacheka. "Likate, mwanangu. Nshachoka kuloa nalo."

Kazi haikuwa nyepesi kama alivyodhani. Biasha alichora namba mbili kwa chaki upande wa ndani wa koti, akaikata kwa mkasi, akaiweka juu ya tambara upande ule wa ndani ukiwa chini, kwa kuwa ndio ulioshika vizuri. Alipobandika, namba ilitazama kinyume, kama namba iliyoonekana kwenye kioo. Time alicheka mpaka akakaa chini.

"Cheka tu," alisema Biasha. "Sasa najua. Nikichora ndani, lazima nichore kinyumenyume ili itoke sawa."

Mara ya pili pasi ilikuwa moto mno. Plastiki ikatoa moshi, ikayeyuka na kugandia kwenye pasi. Bi Mwanamkasi alikuja mbio.

"Pasi yangu! Basi tena, Biasha. Koti limeliwa, pasi inaliwa. Kesho utanichomea nyumba."

"Nitaisafisha, mama. Nipe mara moja nyingine."

"Na ukiharibu tena?"

"Nitaisafisha tena."

Mama alitaka kukasirika, akashindwa. Alimwonyesha namna ya kuisugua pasi juu ya jani bichi la mgomba mpaka ing'are. Kisha akamwambia, "Makaa yakiwa mekundu sana, yaache kwanza yafunikwe na jivu kidogo. Dondoshea tone la maji. Likiruka, pasi bado ni kali. Likichemka polepole, itie kazini. Na weka karatasi katikati, ili pasi isiiguse plastiki yenyewe."

Basi Biasha akajifunza. Alifungua dirisha ili harufu itoke. Aliweka karatasi ya kaki juu ya namba, akaikandamiza pasi bila kuisugua, akaiinua, akakandamiza pembeni, na kwenye kila ncha. Lililo gumu zaidi lilikuwa kungoja. Karatasi ikiondolewa ingali moto, namba huinuka nayo. Ikiachwa ipoe, hushika. Aliharibu matambara mengi kabla ya kuthubutu kugusa fulana.

Siku moja kabla ya mashindano alibandika namba moja ya Time, namba mbili ya Mwanamwema, na namba tatu ya msichana wa mtaa wa pili. Zote zilikaa vizuri. Ya kwake, namba nne, aliifanya mwisho. Makaa yalikuwa yanazimika, mkono ulimuuma, na adhana ya magharibi ilikuwa inakaribia.

"Tia mkaa mwingine," alisema mama.

"Inatosha, mama," alijibu Biasha, akakandamiza haraka haraka, akaikunja fulana.

Asubuhi uwanja wa Amani ulijaa watoto, ngoma na vumbi. Mwalimu Usi alizitazama fulana, akazipapasa. Aliwapeleka kwa mkaguzi, mzee mmoja aliyeitwa Bwana Kificho, aliyevaa miwani na filimbi shingoni.

"Shikamoo, bwana," walisema wote pamoja.

"Marahaba. Namba gani hizi? Mbona hazikushonwa?"

"Zimebandikwa kwa pasi, bwana," alisema Biasha.

"Kwa pasi? Zitaanguka. Rudini kwa mwalimu wenu."

Biasha alisogea mbele. "Bandua, bwana. Ikibanduka, tutaondoka wenyewe."

Bwana Kificho alimtazama juu ya miwani yake. Kisha akaikwaruza kwa ukucha namba ya Time, iliyobandikwa juu mgongoni, karibu na shingo. Haikutoka. Akaivuta fulana, na namba ikavutika nayo. Akajaribu ya Mwanamwema, na ya msichana wa tatu. Zote zilikataa.

"Ajabu," alisema. "Haya, piteni. Nimeridhika."

Ya Biasha hakuijaribu.

Time alimshika mkono amvute. Lakini Biasha tangu alipovaa asubuhi alihisi ncha ya juu ya ile nne ikimkuna shingo kila alipogeuka. Ilikuwa imeinuka. Angeweza kupita. Lakini alikuwa amesimama mbele ya mtu mzima akamwambia abandue, naye alijua kuna moja inayobanduka.

"Bwana," alisema, "yangu hujaijaribu. Yangu imelegea."

"Biasha!" Time alinong'ona kwa hasira.

Bwana Kificho aliigusa ile ncha, na nusu ya namba ikainuka. Akatikisa kichwa. "Namba hii haikubaliki. Na watatu hawawezi kukimbia mbio za wanne."

"Mbio zetu zitaitwa lini?"

"Baada ya mashindano ya kuruka chini. Mkiitwa na namba haijakaa, skuli yenu imetoka."

"Tukiitwa nitakuwa nimesimama hapa," alisema Biasha, akatoka mbio.

Nje ya uwanja aliona moshi nyuma ya nyumba ya kwanza. Alipiga hodi, na mama mmoja aliyekuwa akipika maharage, Bi Mwanapili, akamkaribisha.

"Shikamoo, bibi. Nnaomba pasi na makaa. Namba yangu imebanduka na mbio zinaitwa."

Bi Mwanapili hakuuliza mara mbili. Aliipua chungu, akajaza makaa ndani ya pasi, akampa kanga ajifunike avue fulana. Biasha alidondoshea tone la maji. Liliruka. Akangoja. Akadondoshea tena, likachemka polepole. Akaweka karatasi ya mfuko wa sukari, akakandamiza katikati, pembeni, kila ncha.

Kipaza sauti kikalia uwanjani.

"Wanakuiteni, mwanangu!" alisema Bi Mwanapili. "Ivae, ukimbie!"

"Naam, nnasikia. Lakini nikiitoa sasa itainuka tena."

Hakuigusa karatasi. Aliipepea kwa pepeo la jikoni mpaka ikapoa, akaivuta taratibu. Namba ilibaki. Aliivaa fulana, akashukuru kwa sauti huku akiwa tayari mlangoni.

Bwana Kificho alikuwa amekwisha kuinua mkono kuiondoa skuli yao alipomwona anakuja. Alimgeuza, akaikwaruza ile nne kwa ukucha, mara ya kwanza, mara ya pili kwa nguvu zaidi.

"Ingia," alisema.

Time alianza vizuri. Mwanamwema alipitwa na mmoja, na msichana wa tatu akapitwa na wawili. Biasha alipopokea kijiti, pumzi zilikuwa bado hazijamrudia, lakini alikimbia kama mtu anayefukuzwa, akawapita wawili na kumkaribia wa mbele. Walifika karibu pamoja. Yule mwingine alitangulia kwa kifua.

Walikuwa wa pili.

"Ungenyamaza tungekuwa wa kwanza," alisema Time, akilia. "Ulichoka bure kwa kukimbia huko nje."

Biasha aliketi kwenye majani karibu naye. Maneno ya Time yalikuwa kweli, na yalimuuma.

Mwalimu Usi aliwafikia, akakaa chini kwenye majani pamoja nao.

"Time, labda mngekuwa wa kwanza," alisema. "Labda pia namba ingeanguka njiani, mkaondolewa. Hatujui. Ninalolijua ni hili. Niliposema mtatazama, Biasha alinibishia kwa maneno, na maneno yake hayakunigeuza. Kazi ya mikono yake ndiyo iliyonigeuza. Nilikosea kukata tamaa mapema. Lakini naye, Biasha, aliifanya namba yake kwa haraka, na haraka hiyo imetugharimu. Sivyo?"

"Ndivyo, mwalimu," alisema Biasha. "Mama aliniambia nitie mkaa. Sikumsikiliza."

"Basi lishikeni hili. Anayetaka kumbishia mkubwa afanye kazi yake mpaka mwisho, na aseme kweli hata pale kweli inapomkata. Bila hivyo, ubishi wake ni kelele tu. Leo hakuna mtu katika uwanja huu anayeweza kusema mlipita kwa hila."

Time alifuta machozi. Akamsogelea Biasha, akaegemea bega lake.

Wasichana wa skuli nyingine walikuwa wamewazunguka, wanazipapasa zile namba migongoni mwao. Biasha aliinua kichwa.

"Mwalimu, na mwakani kitambaa kikipatikana watapewa wavulana peke yao?"

Mwalimu Usi alicheka. "Mwakani wavulana watakuja kwako uwabandikie."

"Waje," alisema Biasha. "Lakini makaa watapepea wenyewe."