Kitulizi cha Miguu ya Lameck

Ukiitazama ilikuwa suruali nyepesi ya kulalia, lakini ndani yake zilifumwa nyuzi zenye uwezo wa kuhisi. Msuli ulipoanza kukaza, nyuzi zilitambua mapema, zikapeleka mkondo mdogo wa umeme kwenye neva, na msuli ukalegea kabla haujakakamaa. Mhandisi Sechelela Chipanta aliibuni katika karakana yake jijini Dodoma, enzi ambazo roboti ndizo zilizojenga nyumba na magari yalipita bila kugusa ardhi. Aliiita kitulizi.

Hakutafuta sifa. Mumewe, Lameck, alianguka kutoka kwenye mnara wa mawasiliano akaumia uti wa mgongo. Tangu hapo hakuhisi chochote kuanzia kiunoni kwenda chini, ila miguu yake haikutulia. Ilikakamaa ghafla, ikatetemeka, ikatupa shuka sakafuni.

"Amri za ubongo hazifiki chini," Sechelela aliwaeleza wageni. "Kwa hiyo misuli inajiamulia yenyewe."

Siku Lameck alipovaa kitulizi kwa mara ya kwanza, miguu ilitulia kabisa. Sechelela alikaa kando ya kitanda akalia, na mumewe akampapasa kichwa. Habari zikaenea, ikapangwa wagonjwa kama yeye mkoa mzima wagawiwe.

Kabla ya ugawaji, Lameck akashikwa na homa. Hospitalini, Daktari Msuya alimvua viatu akakuta kidonda kibichi kisiginoni. Ndani ya kiatu mlikuwa na kokoto.

"Imekaa humu muda mrefu," daktari alisema. "Zamani, kabla ya suruali hii, miguu ingefanyaje?"

Sechelela alijibu kwa sauti ndogo. "Ingekaza mno. Tungetafuta sababu."

"Ndivyo. Yeye hasikii maumivu, lakini misuli ilikuwa ikimsikilizia. Mikazo ikizidi ghafla, huenda kuna kidonda, au kibofu kimejaa, au choo kimekuwa kigumu. Kidonda hiki kitapona, mhandisi. Punguzeni mikazo, ila msiinyamazishe yote."

Jioni ile, nyumbani, Sechelela alikuwa akifunga bandeji upya.

"Nimekuumiza, Baba Eliya."

"Kokoto ndiyo iliyoniumiza." Lameck aliitazama miguu yake. "Lakini lipo jambo sikukwambia. Ule mkazo nilikuwa nautumia. Asubuhi nikishika ukingo wa kitanda, miguu ikikakamaa, nilisimama kidogo nikageuka nikakaa mwenyewe kwenye kiti changu cha magurudumu. Sasa imelegea, lazima uninyanyue."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi sana. Na ulikuwa umeanza kulala usingizi. Ningeanzia wapi?"

Sechelela aliinamisha uso. Alikuwa amepima kila msuli wa miguu ile, na hakuwahi kumuuliza mwenye miguu anataka nini. Kulipokucha alipiga simu kusimamisha ugawaji. Waliokuwa wakisubiri walilalamika, na wengine walimsema vibaya. Aliwasikiliza wote.

Wakaanza upya, safari hii wawili, Lameck akiwa na kidhibiti mkononi. Yeye ndiye aliyesema mikazo ipunguzwe wapi na iachwe wapi. Usiku miguu ilitulizwa ili walale. Mchana mikazo iliachwa kidogo, na ikijirudia kupita kawaida, kitulizi kilimwonya akague mwili wake.

Kidonda kilipofunga, Lameck alivuta kiti cha magurudumu karibu na kitanda, akashika nguzo iliyofungwa ukutani, kisha akapunguza nguvu ya kitulizi. Sechelela akanyoosha mikono.

"Usinishike, Mama Eliya. Kaa karibu tu."

Mapaja yalitetemeka. Magoti yakakaza, yakanyooka, naye akajivuta juu polepole, jasho likimtoka. Akasimama.

Sechelela aliinua macho kumtazama. Miaka yote tangu aanguke walikuwa wakizungumza yeye akiwa ameinama, na alikuwa amesahau kabisa kwamba kichwa chake kinamfikia mumewe begani.