Wimbo wa Saa Kumi na Moja

Haya yalimpata rafiki yangu Shinobu, mtu anayecheka hata utabiri wa nyota gazetini. Mama yake aliwahi kuiliza Japani nzima kwa wimbo mmoja wa mapenzi, kisha upasuaji wa koo ukamnyang'anya sauti. Mji wao uliendelea kuupiga wimbo ule kila saa kumi na moja jioni kwenye vipaza sauti vya mitaani, kengele tupu, bila mwimbaji. Shinobu angetoa chochote amsikie mama yake akiimba tena mbele yake.

Jioni moja ya theluji, giza limeshaingia mapema kama kawaida ya majira ya baridi kule, alimwacha mama amelala, akatoka kununua tofu, ile jibini ya soya. Kengele zikaanza, kisha sauti ya mama yake ikaimba ubeti wa kwanza.

"Ala! Manispaa wamezinduka leo," muuza tofu akasema. "Mwambie mama bado anatutoa machozi, mchokozi yule!"

Shinobu akakimbia nyumbani, analia huku anacheka.

"Mama, umesikia?"

Mama alikuwa kitandani alipomwacha, mwili umeshapoa. Lakini kwenye kioo cha dirisha, usawa wa mdomo wa mtu aliyesimama, ukungu wa pumzi ulikuwa ukitanda na kufifia, ukitanda na kufifia, kama wa mtu anayesubiri ubeti wa pili.