Mama Mkwe wa Mfano

"Nitawapa mfano," Guylain alisema kwenye maikrofoni. Graciella, aliyekaa safu ya pili na pete ya uchumba kidoleni, akajua papo hapo kwamba mfano wenyewe ni mama yake.

Ukumbi ule karibu na Schuman, mtaa wa ofisi za Umoja wa Ulaya mjini Brussels, ulijaa watu wa chama kilichotaka kumwajiri Guylain kama mshauri. Alikuwa akiwaeleza kwamba taifa haliwezi kubeba tamaduni mbili, mgeni ayeyuke au arudi kwao. Kisha akamtaja mama mmoja wa Bukavu, mkimbizi wa zamani, ambaye miaka yote hii Brussels bado anasali kwa Kiswahili, na Kifaransa chake ni cha sokoni. Akaiga sauti yake. Watu wakacheka.

Graciella alimpenda kijana huyu wa Lubumbashi tangu chuoni, kwa sababu wakati ule kijana alitetea kinyume kabisa: kwamba uraia ni haki na sheria, ila lugha na sala ni vya mtu mwenyewe. Na kila Jumapili alikuwa akila kwa mama yake Graciella, Maman Euphrasie, sombe ya majani ya muhogo.

Simu ikatetemeka. Guylain alikuwa amemaliza hotuba na kuketi, akaandika chini ya meza: "Vumilia, chérie. Wamefurahi. Nikipata hii kazi, tunaoana mwezi wa saba, juillet."

Wakati wa maswali Graciella akasimama.

"Huyo maman anaitwa Euphrasie. Ni mama yangu, na huyu muntu ni fiancé wangu. Guylain, hii yote ulishamuambia yeye mwenyewe?"

Guylain akaomba swali lingine.

Baadaye Guylain alimkuta nje, barabarani.

"Umeniharibia, Graciella. Na mi mwenyewe siamini ile théorie."

"Unaamini ile ya zamani?"

Akainua mabega. "Bon, zote ni kazi tu. Wale wa chama kingine wangeniita kwanza, ningesema ya kwao."

Mpaka hapo Graciella alikuwa bado anatafuta namna ya kumsamehe mtu aliyebadili mawazo; kumbe huyu hakuwahi kuwa na wazo lake. Akavua pete, akaitumbukiza kwenye mfuko wa koti la Guylain.

"Ungeamini kweli, ningebishana na wewe mpaka uzee. Sasa nasikia tu kutapika."

Nyumbani, Maman Euphrasie aliuliza kama Guylain alisema vizuri. Graciella akamweleza yote, hata ile sauti.

Mama akavuta kiti, akaketi.

"Wote walicheka?"

"Wote, maman."

"Na weye?"

"Mi nilisimama. Nikasema jina yako."